Picha ya Msiba ya Mtu Aliye Hai

Kifo kilikuwa na tarehe ya leo.

Wiki jana mliniacha ndani ya ghala la karakana yetu nimeshika pembe ya kitambaa, nanyi mnaniuliza, Otose, chini yake kuna nini? Basi nimefunua. Ni ubao wa mcheri uliochongwa wa kuchapia picha, na juu ya ubao ule kuna uso wa kaka yangu.

Mimi nimekulia kwenye mbao hizi. Husomwa kinyume, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na sikuhitaji kuuliza mtu. Pua ile, kidevu kile, jicho lile linaloinama kama linaomba radhi. Ni Kirisaka Umenojo, mwigizaji wa nafasi za wanawake anayependwa na mji mzima wa Edo. Lakini hakuvaa vazi la jukwaani. Alivaa lile la buluu iliyopauka wanalochorwa nalo wafu, tasbihi mkononi, yungiyungi miguuni.

Picha ya msiba!

Akifa mwigizaji mkubwa, kila duka la picha hukimbilia kutoa yake, na anayetoa wa kwanza ndiye anayekimbiliwa na watu. Hilo nalijua, nimezichapa nyingi kwa mikono hii. Pembeni huandikwa jina la kaburini analopewa marehemu, hekalu atakapozikwa, na siku aliyokufa.

Siku aliyokufa ni leo. Na asubuhi hii hii nilimwacha kaka yangu anakula tambi za moto, akamaliza bakuli, akaomba jingine.

Nikagusa ubao. Kidole kikatoka cheusi.

Wino ulikuwa mbichi. Maana yake picha zimeshachapwa, na mchapaji wa karakana hii ni mimi, hakuna mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mume wangu aliniambia, "Mke wangu, umechoka, kapumzike kwa shangazi siku mbili tatu." Nami nikamshukuru! Nikaenda kujisifu kwa majirani kwamba nina mume mwenye huruma.

"Otose."

Yogoro, mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni, kisu cha kuchongea bado kiko mkononi.

"Nani kakuruhusu kuingia humu?"

"Tangu lini naomba ruhusa kuingia ghala la baba yangu?"

"Baba yako ni marehemu. Funika hicho kitu."

"Umekichonga wewe?"

"Mimi nachonga kila siku. Ndiyo kazi niliyoolewa nayo humu ndani."

"Usinitanie, Yogoro. Nywele hizi ni zako."

Katika kazi yetu mwili na nguo huchongwa na wanafunzi, lakini kichwa ni cha fundi mkuu, hasa pale nywele zinapoanzia juu ya sikio, nyembamba kuliko ukucha wa mtoto. Nywele za Yogoro zina kajipindo mwishoni. Hata gizani ningezitambua kwa kidole.

Akacheka. "Basi ni zangu. Mke wangu, hii ni akiba tu. Mwigizaji akikohoa mara mbili, kila duka linaweka ubao wake tayari. Pale dukani kwa Bwana Denbei, anayetuuzia picha, kuna ubao wa mzee mmoja, mwaka wa nne huu anagoma kufa. Denbei akimwona njiani anamwinamia na kumuuliza, vipi afya?"

"Akiba haiandikwi tarehe."

Kicheko kikamkauka.

"Mimi nachonga kilichobandikwa," akasema.

Hiyo ndiyo ngao ya kila mchongaji. Mchoro wa mchoraji hubandikwa kifudifudi juu ya ubao, kisu kinapita juu yake, na kazi ikimalizika mchoro wenyewe umeliwa wote. Hapabaki kitu cha kumwonyesha mtu. Unabaki ubao na neno la aliyeuchonga.

Nikachukua karatasi, nikailaza juu ya wino ule mbichi, nikashika kisuguo. Yogoro akapiga hatua.

"Thubutu!" nikamwambia. "Niguse uone. Nitapiga yowe mpaka wazima moto wapande mnarani wagonge kengele."

Akasimama. Nikasugua. Nikaibandua karatasi, nikaikunja, nikaiingiza kwenye mkono wa kimono, nikapita ubavuni mwake, nikavaa viatu mlangoni nikatoka. Nilifika kona ya tatu ndipo nikaona nimevaa viatu vyake.

Kaka yangu anakaa nyuma ya jumba la maonyesho, orofani. Hata nyumbani anaishi kama mwanamke, maana wakubwa wake walimfundisha kwamba anayekuwa mwanamke jukwaani tu hataaminika. Kimono ya kike, kitambaa cha zambarau kwenye paji la uso, magoti yamebanwa pamoja. Kesho ilikuwa ufunguzi wa msimu mpya, siku ambayo Edo nzima hukesha ili ione nyuso za waigizaji wa mwaka. Nilimkuta anakunywa chai.

"Kaka!"

"Shh! Kaka yupi humu?" Akaweka kikombe chini taratibu, kwa mikono miwili. "Watu wakisikia je? Na hiyo miguu. Viatu vya mwanamume, binti wa watu!"

"Uko hai."

"Mpaka sasa, ndiyo. Kwani nimepauka?"

Nikaitandaza picha mbele yake. Nilisubiri apige kelele, aangushe kikombe, azimie.

Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Pua wameifanya ndefu," akasema. "Nilimwambia Denbei, pua, pua, jamani."

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Ulimwambia? Wewe?"

Akanyoosha mkono wake wa kulia. "Nishike."

Nikaushika. Ulikuwa unatetemeka kama jani la mwanzi.

"Ni poda nyeupe," akasema. "Ina sumu ya madini ya risasi ndani yake. Nimepakwa tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, sasa imeingia mpaka mfupani. Mkono huu haushiki tena pepeo. Mwezi huu nimeuficha ndani ya vazi, watu wakadhani ni madaha. Mwezi ujao watajua. Sikutaka wanione ninavyokuwa gofu, Otose. Umenojo afe angali mzuri. Mimi niende zangu Osaka nikauze mafuta ya nywele."

"Ufe vipi?"

"Niteleze mashuani, nizame Sumida. Mto haurudishi kila mtu, wote wanajua. Mumeo ni mtoto wa mpiga kasia, amezaliwa majini. Yeye atanivuta upande wa pili, atanifunika mkeka, tutaondoka."

"Kwa hiyo Yogoro anajua."

"Yogoro, Denbei, na mimi."

"Na mimi je?"

Akatazama kikombe chake.

"Wewe ulitakiwa ulie."

"Nini?"

"Mdogo wangu, uso wako hauna pazia. Ungejua wewe asubuhi, Edo ingejua adhuhuri. Ilitakiwa awepo mtu mmoja wa kulia kweli pale ukingoni, agaragare, watu wamwone. Dada mtu akilia vile, nani atathubutu kuuliza maiti iko wapi?"

Niambieni, nyinyi mngefanya nini? Waliketi wanaume watatu, najua walikuwa na pombe ya sake na samaki wa kuchoma, wakagawana kazi. Wewe utaanguka. Wewe utapiga kasia. Mimi nitauza. Na Otose? Aa, Otose atalia. Walipanga machozi yangu kama watu wanavyopanga mishumaa ya jukwaa, iwashwe saa gani, imulike nani.

"Mmenipa sehemu bila kuniambia niko mchezoni," nikasema.

"Ningekuletea habari."

"Lini?"

"Mambo yakitulia. Baada ya mwaka hivi."

"Mwaka! Niwe nakufukizia ubani mwaka mzima, na wewe unauza mafuta ya nywele!"

Nikainua mkono nimpige. Naapa ningempiga, hakuna mwanamke Edo nzima ambaye angeninyima haki. Lakini macho yake yalikuwa yamenasa kwenye picha. Akaiinua, akaisogeza karibu.

"Hii tarehe," akasema polepole.

"Ya leo."

"Si hii. Tulikubaliana mwisho wa mwezi. Nilisema lazima nifungue msimu kwanza. Kesho nionekane, wanione, ndipo..." Akaigusa tarehe kwa kidole. "Labda mchongaji amekosea."

Nikamnyang'anya, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Kule ghalani nilikuwa na haraka sikuona. Sasa niliona. Kuizunguka ile tarehe palikuwa na mstari mwembamba sana, pande nne, kama alama ya mlango uliofungwa.

"Hakukosea mtu," nikasema. "Hiki ni kiraka."

"Kiraka cha nini?"

"Cha mti. Ukitaka kubadili neno kwenye ubao uliokwisha kuchongwa, unalichimbua lile la zamani, shimo unalijaza kipande kipya, unachonga upya. Tarehe yako ya mwisho wa mwezi ilikuwepo. Ikang'olewa, ikawekwa ya leo."

"Basi ni Denbei."

"Denbei hawezi kuchonga hata kijiti cha kuchokolea meno. Karakanani kwetu viraka anaweka mtu mmoja tu. Wanafunzi hawaruhusiwi, wataupasua ubao."

Nikaisogeza picha karibu zaidi na mwanga.

Ndipo nikaona kitu kingine, chini kabisa pembeni, kama sisimizi wamejipanga. Jina la mwigizaji lipo kwenye picha, jina la mchoraji lipo, muhuri wa duka upo. Kwa kawaida jina la mchongaji haliwekwi. Baba yangu alichonga mpaka macho yakafa, na hakuna picha hata moja Edo hii inayosema aliwahi kuishi. Lakini hii ilisema, nami nikamsomea kaka kwa sauti. *Kichwa kimechongwa na Yogoro.*

Miaka yote alikuwa analilalamikia jambo hilo akilewa, na mimi namfunika blanketi namwambia, lala, mume wangu, iko siku. Kumbe siku yenyewe ni hii. Kumbe thamani yetu, mimi na kaka yangu, ni yale maandishi ya sisimizi.

"Yogoro?" Kaka alitikisa kichwa. "Aliyenibeba mgongoni siku ya moto mkubwa? Usinichekeshe, Otose."

"Hodi humu!"

Sauti ilitoka chini. Tulitazamana.

Yogoro akapanda ngazi, tabasamu mbele yeye nyuma, kofia ya nyasi mkononi.

"Shemeji! Mashua iko gatini, Bwana Denbei katuma na sake ya kukupongeza kwa mazoezi." Akaniona. Akaiona picha. Tabasamu halikusogea hata kidogo. "Ah, mke wangu kanitangulia. Na viatu vyangu."

"Kwa nini umebadili tarehe?" nikamwuliza.

Nilidhani atakana. Hakukana. Alipiga magoti mbele ya kaka yangu, akaweka viganja mkekani, akainamisha paji la uso mpaka chini.

"Niliapa nisiseme, shemeji. Nisamehe. Jana kwenye mazoezi mkono wako ulicheza. Uliona umeuficha, lakini tuliokaa pembeni tuliuona. Kesho ukumbi utajaa mpaka milangoni. Pepeo likikuponyoka mbele ya umati ule? Tukasema na Bwana Denbei, hapana, bora aende leo kabla ya aibu. Tukashindwa namna ya kukuambia."

Kaka yangu alikuwa amekaa wima kama mshale. "Mtu aliona jana?"

"Wachache."

"Walisemaje?"

"Shemeji, usiniulize."

"Walisemaje, Yogoro?"

"Mmoja alicheka."

Nikaona neno lile linavyoingia. Mwigizaji mtishie kwa upanga, hatapepesa jicho. Mwambie kuna mtu alicheka, umemmaliza.

"Muongo!" nikasema. "Kaka, mwangalie machoni. Mwulize jina lake linafanya nini kwenye picha yako!"

"Bwana Denbei kanipa heshima hiyo kwa sababu ni kichwa cha Umenojo," akajibu Yogoro kwa upole, wala hakuniangalia. "Nilidhani mke wangu atafurahi."

"Na picha mbona zimeshachapwa?"

"Ungetaka tuchape lini, baada ya duka la jirani?"

Ana jibu la kila kitu, mume wangu. Sikuwahi kujua.

Kaka akainuka, akajitazama kiooni, akarekebisha kile kitambaa cha zambarau. "Twende," akasema. "Sitaki wa pili acheke."

"Usiende!"

"Otose, umeshakasirika kwa sababu tulikuficha, na una haki. Lakini usimpake mwenzio matope."

"Basi na mimi nakuja."

Kwa mara ya kwanza Yogoro akanitazama usoni. "Mashua ni ndogo."

"Na mimi si mnene."

Tukashuka, watatu. Jua lilikuwa juu, upepo wa baridi unakata masikio. Kaka akaingia chini ya kipaa cha matete, pazia likashushwa ili asionekane. Mimi nikakaa nje, magoti yangu karibu na miguu ya mume wangu aliyesimama nyuma na kasia refu. Nilimwangalia mikono. Alikuwa anapiga kasia vizuri, bila haraka, kama mtu anayekwenda kutazama maua.

Tulipita daraja la Azuma.

"Denbei kakuahidi jina kwenye picha ngapi?" nikamwuliza.

"Zote," akasema.

Tulipokaribia daraja la Ryogoku nikasikia kelele. Juu yetu daraja lilikuwa limejaa watu, na katikati ya watu kulikuwa na sauti ya muuza picha, nzito, imefundishwa kuhuzunika.

"Umenojo hatunaye! Picha ya msiba, ya kwanza, ya pekee! Amezama Sumida asubuhi ya leo! Chukueni mkamlilie nyumbani!"

Kisha vilio. Mwanamke mmoja, halafu wengi, halafu kama daraja zima. Mwingine alikuwa akiita tu, "Dada yetu! Dada yetu!" mpaka sauti ikamkatika.

Mashua iliingia kivulini, chini ya mbao za daraja. Kaka akafunua pazia upana wa kidole. Nikaliona jicho lake, linang'aa kwa machozi na furaha.

"Sikiliza," akaninong'oneza. "Otose, sikiliza wanavyonililia."

Lakini mimi nilikuwa nimesikia neno jingine. *Amezama asubuhi ya leo.*

Amekwisha kuzama. Kwa Edo nzima kaka yangu yuko chini ya maji tangu asubuhi, na kumbe amekaa hapa, anatoa machozi, anapumua. Akionekana na mtu mmoja tu, leo au mwakani, hapa au Osaka, hakimu wa mji atamtia Denbei pingu kwa kuwauzia watu msiba wa uongo. Duka litapigiliwa misumari. Na ubao wenye jina la Yogoro utachomwa hadharani. Uso ule unajulikana kila mji wenye ukuta wa kubandikia picha, na sisi wenyewe ndio tuliousambaza. Hakuna Osaka. Tangu mwanzo haikuwepo Osaka.

"Yogoro," nikasema. "Tupeleke ukingoni."

Akaendelea kupiga kasia.

"Baba yangu alikupa nyumba. Alikupa visu vyake, akakupa na mimi. Tupeleke ukingoni."

Tukatoka upande wa pili wa daraja. Vilio vikabaki nyuma. Mto pale hutanuka, mashua zinapungua, na maji hugeuka rangi. Yogoro akachomoa kasia, likachuruzika, akalilaza ndani ya mashua. Akachuchumaa mbele yangu.

"Shemeji," akaita bila kugeuka, "shusha pazia, kuna upepo."

Na kaka yangu, mwigizaji mkubwa wa Edo, akalishusha kwa utii kama alivyozoea kushushiwa pazia maisha yake yote.

Mume wangu akanitazama. Uso ulikuwa ule ule wa kila asubuhi, wa kuuliza kama wali umeiva.

"Kati yenu wawili," akasema, "nani anajua kuogelea?"

Nimelala ubavuni pake tangu baba aliponikabidhi kwake. Jibu alikuwa analijua: hakuna.